Harufu ya Gari la Muzee

Gari la Muzee lilianza kuvuja majuma machache baada ya yeye kufariki. Ndivyo tulivyoamini nyumbani kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, kwa miezi mitatu na ushei, na hakuna aliyeona ajabu. Watu walisema linamlilia mwenyewe. Mimi ni mwalimu, na siku hizo nilikuwa nafundisha watoto kwamba kila jambo lina chanzo chake, lakini hata mimi nilikubali.

Muzee alikuwa mume wa shangazi yangu. Sote tulimwita hivyo, hata shangazi mwenyewe. Ndiye aliyenipokea niliporudi kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, ambako wazazi wangu walikimbilia nikiwa bado nabebwa mgongoni, na ambako nilisoma mpaka nikamaliza ualimu. Nilishuka kwenye boti nikiwa na begi moja na Kiswahili cha shule kilichowachekesha watu wa ufukweni. Shangazi alinipapasa uso kwa viganja vyote viwili, maana macho yake yalikuwa yameanza kuingia giza. Muzee alichukua begi langu, akaliweka ndani ya gari, akanifungulia mlango wa nyuma.

Lilikuwa gari dogo la zamani. Hapo mwanzo huenda lilikuwa jeupe. Mimi nililikuta na rangi ya chai ya maziwa. Usukani ulikuwa upande wa kulia, kama magari mengi yanayovushwa kutoka ng'ambo. Ndani mlinukia vitenge vipya, kwa kuwa Muzee alikuwa anauza vitenge sokoni, na nyuma ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, tamu, kama ya tunda lililoiva kupita kiasi mahali usipoliona. Siku ile ya kwanza nilisinzia katika harufu hiyo, na nilipofumbua macho tulikuwa tumeshafika uani. Shangazi alikuwa anafungua lango kwa kupapasa, na mimi sikujua kama ni mchana au jioni, wala kama ni Tanzania au ni kwetu.

Kila asubuhi, akitoka msikitini na kabla ya chai, Muzee alikwenda kwenye gari. Dirisha la chumba changu lilitazama pale. Nilimwona katika mwanga wa kijivu akiinua kapo, ndivyo tunavyoiita boneti, akisimama ameinama juu ya injini muda mrefu. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani, nami nilikuwa bado nusu usingizini, kwa hiyo mara nyingi nilidhani anamalizia dua zake pale. Kuku walimzunguka miguuni. Aliwafukuza kwa ukali ambao sikuwahi kumwona nao kwa kitu kingine chochote. Kisha alifunga kapo taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa, akaja kunywa chai, na mikono yake ilikuwa na ile harufu tamu.

Alinifundisha kuendesha gari kwenye uwanja wa mchanga karibu na ziwa. Alikuwa mwalimu mzuri kuliko mimi. Hakuwahi kupaza sauti. Jambo moja tu hakuliruhusu: nisiliwashe gari asubuhi kabla yake.

"Gari iko na mwenye kuiamsha," aliniambia.

Nilidhani ni wivu wa mwanamume mzee kwa kitu chake.

Alifariki mchana, amejilaza baada ya chakula. Shangazi alimwita mara mbili, akanyoosha mkono akamgusa bega, akakaa palepale mpaka nilipoingia. Alizikwa kesho yake asubuhi. Shangazi akaingia eda, kama ilivyomtaka dini ya mumewe, iliyokuwa dini yake tangu ndoa: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba na ua wake.

Shule yangu iko Fizi, juu milimani. Nilikuwa napanda Jumatatu alfajiri kwa pikipiki na kurudi Ijumaa, vumbi mpaka kwenye meno. Baada ya msiba shangazi alinipa ufunguo wa gari.

"Chukua," alisema. "Gari ikilala sana inakufa nayo."

Jumatatu ya kwanza ilikuwa safari nzuri kuliko zote nilizowahi kupanda mlima ule. Niliona ziwa likibaki nyuma yangu kwenye kioo kidogo, kwanza upana wake wote, kisha kipande, kisha mng'ao tu katikati ya vilima viwili. Jumatatu ya pili pia haikuwa na neno. Ya tatu, nilipofika pale ambapo barabara inajikunja kushoto na kupanda kama ngazi, mshale wa joto ulianza kuinuka. Nikautazama kama mtu anayetazama kitu ndotoni, akijua afanye jambo lakini mkono hausogei. Kisha moshi mweupe ukatoka chini ya kapo, ukafunika kioo chote cha mbele.

Nilisimama, nikashuka. Mama mmoja alikuwa anateremka na kikapu cha mihogo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Alisimama akasikiliza mchemko.

"Ile haiko gari ya Muzee wa bitenge?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Alifariki mwezi uliopita."

Aliweka kikapu chini. "Basi, njo maana inalia," alisema, na akanionyesha kijito nyuma ya migomba ambako ningechota maji.

Kutoka kwa mama yule maneno yalishuka Baraka kabla yangu.

Fundi mmoja wa Baraka, mtu mwangalifu na mwenye subira, alilichukua gari kwa majuma kadhaa, kila Jumamosi. Alibadilisha mpira mkubwa wa juu, sisi tunauita tiyo, kisha ule wa chini. Alitoa radiateri, ile ambayo ng'ambo tulikuwa tunaiita rejeta, akaziba tundu moja dogo kwa risasi iliyoyeyushwa. Alibadilisha kifuniko. Alilala chini ya gari akiwa na tochi mchana kweupe, akapitisha vidole kila mahali, akatoka na mchanga kwenye nywele lakini vidole vikavu.

"Mwalimu, gari hii inakunywa maji na haikojoe," aliniambia. "Sijaona hii."

"Yanakwenda wapi, sasa?"

"Labda yanaingia ndani ya moteri. Kama njo vile, tutaifungua yote."

Alisema kwa sauti ya chini, kama daktari anayemwambia ndugu wa mgonjwa. Niliogopa kufungua injini. Nikaendelea hivyo hivyo, nikiongeza maji kila safari. Ghalani, nyuma ya magunia, nilikuta bidoni nne, yaani madumu, za maji ya kijani ya radiateri, moja nusu, tatu zimejaa. Sikujiuliza kwa nini mtu mwenye gari moja dogo aweke bidoni nne. Nilifurahi tu kuzipata, nikayatumia.

Jambo jingine lilinisumbua, lakini sikulihusisha na hili. Asubuhi za milimani, kunapokuwa na baridi, kioo cha mbele kilifanya ukungu kwa ndani. Nilikifuta kwa kipande cha kitenge, kikabaki na mafuta mafuta, na dunia nje ikawa imefifia kingo zake: miti, ng'ombe, watoto wa shule wenye mashati meupe, wote wakipita kama picha iliyolowa. Wakati mwingine nilifika Fizi bila kuwa na hakika kama njia yote nilikuwa macho.

Alasiri za Jumamosi na Jumapili shangazi aliniomba nimpeleke kwenye gari. Lilisimama uani, chini ya mpera. Nilimshika mkono, nikamfungulia mlango, akaketi kwenye kiti chake cha siku zote, kushoto, kando ya kiti cha dereva, bila kuvua viatu. Mwanzoni nilidhani anataka kukaa mbali na wageni wa msiba.

"Funga mulango," alisema siku moja. "Ingia na weye."

Niliingia upande wa usukani. Jua lilikuwa limelipasha gari joto kama mkate uliotoka jikoni. Ile harufu tamu ilitanda kotekote, nzito.

"Unasikia?" aliniuliza.

"Nasikia nini, shangazi?"

"Muzee. Arufu yake iko humu bado."

Ilikuwa kweli ndiyo harufu ya mikono yake. Tulikaa hivyo, na vivuli vya majani ya mpera vilitembea juu ya magoti yetu. Kwaya ya kanisa la jirani ilikuwa inafanya mazoezi ya wimbo mmoja, ikikwama mahali pamoja na kuanza upya. Mawimbi yalisikika, kisha hayakusikika. Shangazi alilala, mkono wake juu ya kiti changu. Nami nilisinzia mara nyingi mle, na niliota kwamba tunakwenda, kwamba Muzee anaendesha na mimi nipo nyuma na begi langu, na barabara iko juu ya maji. Alasiri za namna hiyo zilikuwa nyingi. Nikizikumbuka leo zinaungana kuwa moja.

Eda ilipokwisha, shangazi aliomba jambo moja: nimpeleke Fizi kwa kaka zake, alale kwao usiku mmoja, kisha arudi. Alizaliwa Fizi. Aliondoka huko akiwa msichana wa kanisa, akaolewa na mfanyabiashara Mwislamu wa pwani ya ziwa, na kaka zake hawakumsemesha miaka miwili. Gari ndilo lililowapatanisha, alikuwa anasema, kwa sababu tangu Muzee alipolinunua alimpandisha kila mwezi kumwona mama yake mpaka mama alipokufa, na hakuna kaka anayeweza kumnunia mtu wa namna hiyo milele.

Tuliondoka Jumamosi mapema. Nilijaza radiateri mpaka juu. Shangazi alivua viatu kama desturi yake ya safarini, akaviweka mapajani, akakanyaga zulia la gari kwa nyayo tupu. Kabla hatujafika mtoni alikuwa ameshasinzia. Tulianza kupanda. Ukungu ulikuwa mwingi asubuhi ile, nje na ndani, nami niliendesha polepole nikifuta kioo kwa mkono mmoja.

"Miguu yangu iko mu maji," shangazi alisema.

Macho yake yalikuwa yamefumbwa. "Unaota, shangazi," nilimwambia. "Mtoni tumeshapita. Lala tu."

"Mi sioti. Ni maji ya moto."

Nilisimamisha gari pembeni. Nilizunguka upande wake, nikafungua mlango, nikapiga magoti kwenye udongo mwekundu na kugusa zulia. Lililowa kama sifongo. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, na nilipoinua vidole vilikuwa na rangi ya kijani. Kwa miezi zaidi ya mitatu fundi wa Baraka na mimi tulikuwa tumeyatafuta maji hayo chini ya gari, na yalikuwa yamelala ndani, chini ya zulia, pale ambapo mimi dereva sikuwa na sababu ya kukanyaga.

Shangazi aliushika mkono wangu kwa kupapasa. Aliuleta puani.

"Muzee," alisema.

Nilielewa nusu, na nusu iliyobaki sikutaka kuielewa pale barabarani. Nilimpangusa miguu kwa kitenge changu, nikamvisha viatu, nikaongeza maji, tukaendelea.

Fizi, karibu na soko, yuko fundi mtu mzima aliyeanza kutengeneza magari tangu yalipokuwa machache. Sikuwahi kwenda kwake, maana kila Ijumaa nilikuwa na haraka ya kushuka. Alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya banda lake la mabati, akilisikiliza gari likija.

"Hii ni gari ya Muzee wa bitenge," alisema kabla hatujazima injini. Alisimama, akaja kumpa shangazi mkono kwa heshima, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia. "Mama, pole sana. Nilisikia, sikupata njia ya kushuka."

"Aksanti, papa," alisema shangazi. "Mutoto atakuambia, gari iko mugonjwa."

Nilianza kumweleza: mshale, moshi, tiyo mbili, tundu la radiateri. Hakufungua kapo. Alienda moja kwa moja kwenye mlango wa shangazi, akapiga goti, akaingiza mkono chini ya dashibodi mpaka bega, akautoa umelowa.

"Kumbe ingali inavuja," alisema.

"Ulijua?"

"Mwalimu, hii iko na miaka. Miaka mingi."

Alinieleza kwa utaratibu, akichora kwa kidole juu ya vumbi la mlango. Ndani ya gari, nyuma ya dashibodi, kuna radiateri nyingine ndogo, kubwa kama kitabu. Maji ya moto ya injini yanapita mle, feni inapuliza juu yake, na waliomo ndani wanapata joto. Wanaiita shofaji. Hiyo ndogo ndiyo iliyotoboka, na huku kwetu haipatikani ya kubadilisha. Ndiyo maana vioo vilifanya ukungu, ndiyo maana gari lilinywa bila kukojoa.

"Kuna tiyo mbili zinaingia huko," alisema. "Unazitoa, unaziunganisha yenyewe kwa yenyewe, maji hayapiti tena. Imekwisha. Saa moja haifiki. Nilimuambia Muzee vile. Alikataa."

"Alikataa kwa nini? Baraka nani anahitaji joto ndani ya gari?"

Fundi alimtazama shangazi aliyekuwa ameketi kwenye benchi, viatu vyake bado vina unyevu.

"Alisema nikikata, shofaji inakufa," alijibu. "Na alisema mama iko na miguu ya baridi."

Palikuwa na watu wawili watatu wanasubiri kazi zao. Shangazi aligeuza uso kufuata sauti ya fundi.

"Alisema vile?"

"Njo vile alisema, mama."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Hapa hapa."

Aliinua ncha ya kitenge chake akafunika mdomo. Nilidhani analia, na labda alikuwa analia kweli, lakini mabega yake yalitulia. Baadaye, akiwa bado amejifunika, alianza kutueleza polepole. Tangu utoto, wakati wa kiangazi, majira ya baridi kule milimani, asubuhi za Fizi zilimgandisha miguu mpaka akashindwa kutembea. Siku ya kwanza Muzee alipomleta kwa gari aligusa kitu fulani pale mbele, na joto likamjia nyayoni. Tangu siku hiyo, kila walipofika kwenye kona ya ngazi, joto lilikuja. Hakuwahi kuliomba. Hakuwahi kushukuru pia.

"Nilifikiri gari zote ziko vile," alisema.

Kisha akanigeuzia uso, na nilijua anakokwenda, na sikuwa na namna ya kumzuia.

"Basi ile arufu," aliniuliza, "haikuwa yake."

"Ni ya maji, shangazi. Maji ya kijani."

"Lakini alikuwa nayo mu mikono."

"Kwa sababu aliyamimina kila asubuhi. Kabla ya chai. Mimi nilikuwa namwona, sikujua anafanya nini."

"Kila asubui," alirudia. Vidole vyake vilikuwa vinahesabu kitu mapajani, kisha vikaacha.

Fundi aliinama akamuuliza kwa upole kama akate au aache. Gari ni lake, alisema, na kama anataka liendelee hivyo, mwalimu ataongeza maji kila siku, haliwezi kufa kwa hilo. Shangazi aliwaza. Wale waliosubiri nao walisubiri jibu lake, wametulia.

"Utakata," alisema mwishoni. "Lakini washa kwanza. Mara moja."

Nilijaza maji. Tuliingia: yeye kwenye kiti chake, nyayo tupu, mimi kwenye usukani, na fundi nyuma, kwa kuwa shangazi alimwambia naye aingie asibaki kwenye baridi. Tulifunga milango. Nilisubiri mshale upande kidogo, kisha fundi akaegemea kati yetu akanionyesha kitufe ambacho kwa miezi yote sikukigusa. Nilikisukuma. Feni ililia kama mtu anayesafisha koo, ikatoa vumbi, kisha pumzi ya moto ikaja, nayo ile harufu, tamu, kali kuliko nilivyowahi kuisikia. Vioo vyote vilianza kufunga ukungu. Kwanza soko lilipotea, kisha mabati ya banda, kisha wale waliosubiri wakawa vivuli virefu, kisha hata vivuli vikaondoka na tukabaki ndani ya weupe. Sijui tulikaa dakika ngapi. Mimi nilimwona Muzee wazi kabisa, ameinama katika ukungu wa asubuhi, na safari hii niliona kwamba mkononi ana bidoni. Shangazi alisogeza nyayo zake mbele, moja, kisha ya pili, akaziacha pale.

"Imetosha," alisema. "Kata sasa."

Kazi yenyewe haikufika saa moja, kama fundi alivyosema. Kipande kifupi cha bomba la chuma, vibano viwili, basi. Tulitoa zulia lote, tukaliosha, tukalianika juu ya nyasi kwa kaka yake shangazi, na usiku ule shangazi alilala kwao, katikati ya wake za kaka zake, wakimfunika miguu kwa mablanketi mawili. Jumapili tulishuka na vioo safi. Nilishangaa kwamba barabara ile ina rangi nyingi kiasi kile.

Harufu haikuondoka siku moja. Ilipungua, Jumamosi hadi Jumamosi, na shangazi alipoketi ndani ya gari alasiri nilimwona akivuta pumzi ndefu, kisha akigeuza uso dirishani. Sikulala vizuri siku hizo. Nilijiona kama mtu aliyeingia nyumba ya mwenzake akafagia kitu kisichopaswa kufagiwa. Ndipo nikafanya jambo la kijinga. Nilichukua bidoni iliyobaki, nikamimina maji kidogo ya kijani kwenye kifuniko cha chupa, nikakiweka chini ya kiti chake kabla hajaja.

Aliketi. Alivuta pumzi mara moja tu.

"Umeweka wapi?" aliuliza.

"Chini ya kiti."

"Toa, mutoto yangu. Kuku zitakunywa zikufe."

Nilikitoa. Nilimwaga maji yale kwenye shimo la choo na kuosha mikono mara mbili. Niliporudi alikuwa ameshashuka mwenyewe, ameshika ukingo wa mlango, na aliniambia amechoka kukaa kwenye gari lisilokwenda. Juma lililofuata alianza kwenda sokoni, kwenye kibanda cha Muzee ambacho mdogo wake Muzee alikuwa anakiangalia. Anakaa pale mpaka leo, anakunja na kukunjua vitenge, na anaweza kukuambia kwa vidole kipi kitachuja na kipi hakitachuja. Asubuhi nyingine husema hiki kitachuja kabla ya mteja kufungua mdomo.

Gari limezeeka zaidi. Mwaka jana, tukiwa tunarudi kutoka Nundu kwenye arusi ya mtoto wa jirani, lilitushinda tulipofika Mboko. Safari hii ilikuwa pampu ya maji, nayo ilimwaga njiani wazi, mbele ya macho ya kila mtu, kwa hiyo hapakuwa na la kutafuta. Tulikaa saa nyingi kando ya barabara, kwa mama mmoja aliyekuwa anaanika mihogo, shangazi akiongea naye Kibembe na kumenya naye, mpaka lori la mizigo likakubali kutuvuta kwa kamba hadi Baraka.

Sikuwahi kuvutwa kabla ya siku ile. Injini imezimwa, unashika usukani tu, na gari linakwenda bila sauti yake mwenyewe. Dirisha lilikuwa wazi. Ziwa lilitembea kando yetu, jeupe upande wa jua, na upepo ulikuwa wa vuguvugu. Shangazi alitaka nimwambie ninachoona.

"Mitumbwi," nilisema. "Mitatu imepinduliwa mchangani. Mama anaosha sufuria. Mihogo kwenye maturubai, mingi sana, kama vile nguo nyeupe."

"Na nini tena?"

"Mtu amelala chini ya wavu wake."

"Amekufa?"

"Hapana, shangazi. Ameweka mguu mmoja juu ya mwingine, anautikisa."

"Basi endelea," alisema, akakaa sawasawa kitini.